Mshona Kola na Pampu ya Binti Yake

Usingizi ulimpaa Mama Kola usiku ule, ila hakulia wala kuomba dua. Alikaa tu sebuleni, macho kwenye mlango wa chumba cha binti yake, uliotiwa komeo kwa ndani tangu jioni. Jibu la chuo lingefikia simu ya binti, na simu ilikuwa humo.

Jina la Mama Kola alilipata kiwandani. Huko hushonwa sare za shule, na kila mtu ana kipande chake: huyu mikono, yule vifungo, yeye kola. Miaka nenda miaka rudi, kola. Shati zima hajapata kushona.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alitoka kunywa maji akamkuta pale pale.

"Wifi, unalinda benki?"

"Nasubiri."

"Mtoto wako kajichongea mwenyewe. Nani alimtuma kusema?"

Kweli, hakutumwa. Chuo kilikuwa kimeanzisha mwaka wa kwanza wa aina mpya kwa wanafunzi wa uhandisi: hisabati, fizikia, uchoraji na karakana vikaunganishwa kuwa somo moja. Kila kundi likaunda pampu ya maji na kupewa alama moja. Pampu ya kundi la binti yake ilirusha maji mpaka wakubwa wakapiga makofi. Kisha wakaja watathmini kupima kama mpango unafaa, na kama mwaka ule uhesabiwe au urudiwe. Waliwauliza wanafunzi mmoja mmoja. Wenzake walisifu. Yeye akasema, "Mimi nilichora tu. Hesabu alipiga mwingine. Pampu inafanya kazi, lakini sijui kwa nini."

"Mdomo uliponza kichwa," alisema wifi, akarudi kulala.

Mama Kola alitafuta hasira ndani yake, akakuta pamekauka.

Alfajiri simu ililia chumbani, mara moja tu.

"Mama," sauti ikatoka nyuma ya mlango. "Tunarudia. Wote."

"Mwaka mzima?"

"Mzima. Safari hii kila mtu atafanya kila kitu mwenyewe. Wenzangu wananitukana kwenye simu hapa."

Mama Kola akatazama vidole vyake. "Kwa nini ulisema, mwanangu?"

"Nilikufikiria wewe na kola zako. Usikasirike."

Hakukasirika. Wala hakufurahi. Maneno yale yalimwingia kama sindano kwenye kidole chenye sugu: unaiona imezama, husikii kitu.

Akainuka, akabandika sufuria ya maji. Kiwanda hakimngoji mtu. Maji yalipochemka alikuwa bado anajifunga kitambaa kichwani, na hapo komeo likavutwa. Binti akatoka, taulo begani, macho makavu kama ya mama yake.

"Maji ya moto yapo?"

"Yapo. Wahi, yasipoe."