Kura Zote Kutoka Geti Moja

Mimi ni mtu wa kujiamini haraka, na mwaka ule kujiamini kwangu nusura kumnyime mama mmoja malisho ya msimu mzima.

Kule Tindiga, mpunga ukishavunwa, ng'ombe huruhusiwa kuingia mashambani kula mabua, na wakulima na wafugaji hukubaliana tarehe. Zamani waligombana mkutanoni mpaka sauti zinakauka. Mimi naishi Mikumi, kazi yangu kutengeneza programu, nikawatengenezea ukurasa wa mtandao: unafungua kwa simu, unaandika jina la kaya, unachagua tarehe, na grafu inapanda papo hapo. Nilijiona bingwa.

Tarehe ya mapema, waliyoitaka wafugaji, ikaongoza. Katibu wa kamati inayosimamia tarehe hizo, ambaye ni mkulima, akaniomba orodha ya walioichagua pamoja na anwani zao za IP, yaani namba inayoonyesha mgeni ameingilia wapi mtandaoni. Kurasa mbili nzima za kura, anwani moja! Nikaandika chini kwa mbwembwe: "Zote zimetoka sehemu moja."

Lawama zikamwangukia mama mmoja mfugaji, maana alionekana akizunguka boma hadi boma na simu yake. Nikampigia. Hakukana.

"Simu ni yangu, mwanangu, lakini kila mmoja alibonyeza kwa kidole chake. Na ni maboma sita tu. Hao wengine siwajui."

Ijumaa saa nne asubuhi kamati ingekutana kufuta kura zile na kumzuia asiingize mifugo. Nyasi zilishakauka. Ng'ombe wake wangekula nini?

Sauti ya yule mama ilinikera, kwa sababu haikuwa ya mwongo. Alhamisi mchana nikapiga kura ya majaribio nikiwa nyumbani, kisha nikatazama orodha. Anwani ile ile. Nikaazima simu ya jirani yangu muuza chipsi. Ile ile! Mimi sijawahi hata kukanyaga bomani kwa yule mama.

Ndipo nikasoma nilichopaswa kusoma tangu mwanzo. Programu yangu inakaa kwenye kompyuta za kukodi, wanazoziita wingu. Huko mgeni haingii moja kwa moja. Anapokewa na kompyuta nyingine, mfano wa mlinzi wa geti, ndiyo inayoniletea ombi lake. Nilikuwa nahifadhi anwani ya mlinzi nikidhani ni ya mgeni. Ya mgeni mlinzi huiandika juu ya ombi, mahali ambapo programu yangu haikuwahi kuangalia. Nikabadilisha mstari mmoja. Simu yangu ikatoa namba yake, ya muuza chipsi ikatoa yake, nikapiga ukelele mpaka akaja mbio na mwiko mkononi.

Kura za zamani hazikurekebishika, lakini sasa nilikuwa na la kusema. Nikachapisha orodha yote, ya tarehe zote, na Ijumaa nikapanda bodaboda kupitia Zombo, nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

"Mzee mwenyekiti, wewe ulichagua tarehe gani?"

"Ya mwisho. Nani asiyejua?"

"Naomba usome anwani iliyo mbele ya jina lako. Halafu usome ya huyu mama."

Akavaa miwani. Akasoma, akarudia. Namba ile ile. Mtu wa nyuma akaropoka, "Kumbe mwenyekiti naye kapigiwa kura na mama!" Kikao kizima kikaangua kicheko.

Nikakiri hapo hapo kwamba kosa ni langu. Nikawaambia wafungue ukurasa upya kwenye simu zao. Namba zikaja tofauti tofauti, ingawa wengine wa mtandao mmoja walifanana. Nikaeleza kwamba hata namba ya kweli haimtambulishi mtu. Mwenyekiti akamwomba mama radhi mbele ya wote, na kura zikabaki kama zilivyopigwa. Furaha iliyonijaa sijawahi kuipata kwa programu iliyofanya kazi mara ya kwanza.

Mama akajitanda shuka lake vizuri, akanigeukia.

"Hiyo mashine yako, mwanangu, siku nyingine uiulize vizuri kabla hujanisema."

Tarehe ilipofika nilikwenda kushuhudia. Ng'ombe wake ndio waliotangulia, na shamba la kwanza njiani lilikuwa la katibu. Aliondoa miiba aliyozibia shamba kwa mikono yake mwenyewe, akasimama pembeni, wakapita wote.