Bao la Huruma

Sadala alianguka kutoka juu ya mnazi msimu wa korosho, na miguu yake haikusimama tena. Asubuhi alikuwa mkwezi, jioni mshambuliaji wa timu ya mtaa wao hapa Kibiti, mwenye mdomo mrefu kuliko mashuti yake. Mimi ni nesi, mtu wa Tukuyu, nililetwa huku na kazi ya serikali, na nilikuwa nakwenda kwao kumsafisha vidonda vya kulalia. Vidonda havikunitisha. Kilichonitisha ni upole wake. Mtu aliyekuwa akiwakimbiza marefa sasa anajibu "sawa" kwa kila kitu, na sahani ya wali inarudi jikoni haijaguswa.

Siku moja aliniambia huku ameelekea ukutani, "Sista, tangu nianguke hakuna mtu aliyenibishia. Nikisema Mloka, kule bara porini kwenye tembo, iko pwani, wananiitikia ndiyo. Maiti ndiyo haibishiwi."

Nilikasirika, maana mimi hasira zangu ziko karibu. Kesho yake nikamletea laptopu. Ulikuwa mwaka 2007, kaka yangu wa Dar alikuwa amenirithisha ile yake ya zamani, na ndani yake mlikuwa na gemu la mpira. Sadala akalicheza peke yake siku kadhaa. Mikono ya mkwezi ina nguvu, nikahofia vitufe. Kisha akasema, "Mwite Abdalah."

Abdalah alikuwa fundi baiskeli, nahodha wa timu yao, mtu waliyekuwa wakigombana naye kila jioni uwanjani. Nikafurahi. Sadala akanikata furaha hapohapo. "Lakini akinichezea kama mgonjwa, Sista, usirudi tena hapa na vidawa vyako. Mniache nife kwa raha yangu." Hakuwa anatania, na mimi nilijua vile vidonda vikiachwa vitampeleka wapi.

Jumamosi mchana tukambeba mpaka barazani, mara yake ya kwanza kutoka nje. Umeme tuliuvuta kwa waya kutoka kibanda cha video cha jirani. Watu wakajaa mpaka barabarani. Mama yake, Bi Mwanamkuu, alisimama mlangoni akizungusha pindo la kanga kidoleni. Wachezaji wawili walikuwa wakitumia vitufe vya laptopu hiyohiyo moja, bega kwa bega, Sadala kulia, Abdalah kushoto.

Mpira ukaanza, na laptopu ikaanza vituko. Picha inakwama, inaruka, inakwama tena. Sadala akikaribia goli, kila kitu kinaganda. Picha ikizinduka, mpira uko wavuni. Mawili bila.

"Limekwama hili," Abdalah akasema. "Ningeudaka ule."

Watu wakapiga makofi. Sadala hakucheka. Alinigeukia polepole. "Sista, hii mashine ndiyo inayonifungia?"

Nilijua akiamini hivyo, kazi imekwisha. Nikasimamisha gemu. Laptopu ilikuwa ya moto kama pasi. Nikamwambia Abdalah akalete pampu yake.

"Aa, Sista, tucheze hivihivi tu," akasema, anajikuna shingo. "Mbona inatosha."

"Lete pampu!"

Akaenda kwa kujivuta, nikashangaa ana nini. Nikaifunga ile programu ya kusaka virusi iliyokuwa ikichakura ndani muda wote. Nikashusha ubora wa picha, nikaondoa vivuli, nikaondoa na watazamaji wote wa kwenye majukwaa. Nikaizima, nikapulizia pampu kwenye tundu la feni, likatoka vumbi na sisimizi wakavu. Nikaiweka juu ya matofali mawili, katikati wazi, hewa ipite chini yake. Nilipoiwasha na kufungua gemu, wachezaji walikimbia bila kukwama hata kidogo.

Kila kitu kikaonekana sasa. Sadala akapata mpira, akasogea taratibu. Beki wa Abdalah alisimama tu. Kipa alisimama tu. Nikatazama vitufe: vidole vya Abdalah vilikuwa vimeinuliwa juu yake, havigusi kitu. Goli.

Watu wakashangilia. Sadala aliviona vidole vile vizuri kuliko mimi, maana bega lake lilikuwa kwenye bega la mwenzake.

"Hayo mawili ya mwanzo pia?" akauliza.

Makofi yakakatika. Abdalah akatazama chini. "Mama ndiye kaniomba, ndugu yangu. Kasema ukifungwa leo hutakula tena."

Hakuna aliyemtazama Bi Mwanamkuu, na kila mtu alijua yuko pale. Mimi nilitamani kumpiga mtu, sijui nani. Sadala alikuwa ametoa mikono kwenye laptopu, uso wake unarudi kule kule kwenye upole. Nikasema moyoni, nimemuua mimi na pampu yangu.

Kisha akavuta pumzi. "Anza upya. Sifuri sifuri. Cheza, Abdalah, au ondoka barazani kwetu."

Abdalah akamtazama mama mtu. Mama mtu hakutikisa kichwa wala hakukubali. Basi akacheza. Akacheza akitoka jasho, akafunga la kwanza, na baraza lote likanyamaza kana kwamba kuna msiba. Akafunga la pili. Nilikuwa nimeng'ang'ania nguzo. Sadala akapita mabeki wawili akafunga lake moja, la haki, na hata hapo hakuna aliyethubutu kupiga kelele. Dakika za mwisho Abdalah akafunga la tatu. Filimbi.

Nikasubiri. Sadala alikuwa amekodolea macho kioo, taya limekaza.

"La tatu ofsaidi!"

"Ofsaidi wapi, kipofu wewe!"

"Mwizi mkubwa! Tangu zamani mwizi! Rudisha tuanze!"

"Nitakufunga matano!"

"Jaribu uone!"

Walikuwa wanapigiana kelele pua kwa pua, na sasa kila mtu barazani alikuwa na upande wake. Bi Mwanamkuu akanivuta mkono. Macho yake hayaoni vizuri, kile kioo kwake ni mwanga mtupu.

"Nani kashinda, mwanangu?"

"Mwanao kafungwa, mama. Tatu kwa moja."

Akasikiliza kidogo matusi ya mwanawe. "Alhamdulillahi," akasema.