Neno Nililolikwangua kwa Wembe

Nikinusa nanasi lililoiva kupita kiasi, hasira zangu huamka. Msimu ule kule Kiwangwa nilikuwa na miaka kumi. Nyumba ilinuka mananasi mpaka nyuki wakahamia jikoni, na bibi yangu Veronika, mzaa baba, alikuwa kitandani anadhoofika, swali lake moja tu: kwao mama yake ni wapi? Hakutaka kufa bila kujua. Mama huyo alikombolewa utumwani na mapadre wa Bagamoyo akiwa mtoto. Wajerumani walipoipiga pwani kwa mizinga alikuwa msichana anayefua nguo misheni. Waingereza walipoingia alikuwa mjane mwenye shamba lake. Katika Biblia ya nyumbani padre alimwandikia jina la ubatizo, na mbele yake kabila: Mnyasa. Basi, yamekwisha!

Kwa neno hilo moja baba alisafiri hadi Ziwa Nyasa. Alirudi baada ya wiki tatu, soli za viatu zimekwisha. Wazee wa kule walimkaribisha vizuri, wakamwuliza mama yule aliitwaje kabla ya ubatizo. Jina hilo padre hakuliandika. Siku ya pili akaja mzee mmoja wa Dunda, mtaa wa Bagamoyo mjini, mnunuzi wa mananasi yetu, ambaye babu zake walikuwa wafanyabiashara pale mjini tangu enzi za misafara ya watumwa. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akasikiliza habari za safari, kisha akacheka.

“Umemaliza viatu bure, bwana! Wazee wetu kila mtumwa wa kusini walimwita Mnyasa. Awe Myao, awe Mbisa, awe Mmakua, wote Wanyasa. Lakini ndiyo hivyo, mwacha asili ni mtumwa.”

Alicheka! Ndani ya nyumba yetu! Baba, kwa heshima zake zile zilizoniudhi hata utotoni, akainamisha kichwa. Bibi alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia. Akaniita.

“Mjukuu wangu, lete wembe na Biblia. Likwangue hilo neno.”

Nilikwangua mpaka karatasi ikatoboka.

“Mama yangu hakuacha asili,” akasema. “Alinyang’anywa.”

Tulimzika kabla mananasi hayajaisha shambani.

Siku hizi Bagamoyo watu hujivika minyororo ya watumwa iliyohifadhiwa makumbusho shingoni, wakapigwa picha, wakacheka kama mzee yule. Nikiwaona natamani kuwazaba vibao. Juzi binti yangu alirudi na kazi ya shule: chora mti wa ukoo, andika asili ya kila mmoja.

“Mama, kwa mama yake bibi Veronika niandike Mnyasa tu? Mwalimu hatajua.”

Nilimfokea mpaka akalia. Kisha nikafungua Biblia, nikashika kidole chake, nikakipitisha kwenye lile tundu. Akaandika alichosema bibi: alinyang’anywa. Daftari limerudi jana, na pembeni mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: “Jibu halijakamilika.”