Geti la Ndani na Mchango wa Baba Neema

Walisema sitafika Uingereza. Nilipofika, wakasema sitamaliza masomo. Nikachukua stashahada ya takwimu huku nikisafisha ofisi alfajiri, na nyumba hii ya Dodoma ninamoandikia nimeijenga kwa jasho langu. Nasema haya ili mjue kwamba hata mwenye akili huugua.

Ugonjwa wangu ulikuwa kubeti farasi. Nilikuwa nikiishi Barking, mashariki mwa London. Wengine katika duka la kubeti walichagua farasi kwa jina tu, nikawacheka. Mimi nilisoma mageti. Kila farasi huanzia kwenye geti lenye namba, na katika mbio fupi zenye kona, wa geti la ndani hukimbia umbali mdogo. Nilichora jedwali la kila uwanja. Mwezi wa kwanza nilishinda, na hapo ndipo nilipoumwa hasa.

Usingizi ulinitoka. Niliharisha kabla ya kila mbio. Nilikonda hadi pete ikawa inaanguka kidoleni. Nikakopa kwa dada yangu Salome, kisha kwa wenzangu kazini.

Ndipo Baba Neema, rafiki yangu, akafariki. Watanzania tukachanga ili mwili wake usafirishwe Songea kwa mama yake. "Pesa akae nazo msomi," wakasema. Zilipungua kidogo kufikia gharama ya kusafirisha mwili. Nikajiambia nitaziba pengo peke yangu, wanisifu.

Nikaweka mchango wote kwa farasi wa geti la kwanza. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na upande wa ndani ulikuwa tope. Wengine wakahamia nje, kwenye nyasi ngumu. Wangu akabanwa ndani, akaja wa mwisho.

Nilitapika damu chooni, palepale dukani. Hospitalini daktari akaniambia, "Una vidonda vya tumbo. Unakunywa pombe?"

"Sinywi."

"Basi unatafunwa na nini?"

Nikamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza kujua. Akasema, "Tumbo nitalitibu. Hilo lingine lina kliniki yake, ila uende mwenyewe."

Kabla ya kliniki nilikwenda kwa mjane.

"Shemeji," Mama Neema akasema, "watu wa ndege wanasubiri malipo."

"Pesa nimezicheza."

"Umezicheza nini?"

"Farasi."

"Ungesema umeibiwa, ningekuamini."

Baba Neema alizikwa hukohuko London. Mama yake aliangalia mazishi kwenye simu, mtandao ukikatikakatika. Sauti yake ikiuliza "Wameshamshusha?" bado naisikia.

Kliniki ilinichukua mwaka na zaidi. Kadi ya benki nilimpa Salome. Mshauri wangu aliyasikiliza majedwali yangu yote, kisha akasema, "Wenye duka nao wanayajua mageti. Walishayaweka kwenye bei: farasi wa geti zuri hulipa kidogo." Hakuna mwalimu aliyewahi kunishusha hivyo, na ninamshukuru. Wewe unayeficha tiketi ya kubeti mfukoni, mwambie mtu mmoja leo, hata kama utaaibika. Mimi niliaibika, na niko hai.

Nililipa wenzangu wa kazini, nikamlipa Salome. Wa mwisho alikuwa Mama Neema, ambaye wachangiaji wote walisema ndiye arudishiwe mchango. Alizihesabu pesa mezani taratibu, mara mbili.

"Zimetimia," akasema. "Nitamkatia mama mkwe tiketi ya ndege, aje alione kaburi."