Kofia ya Kupimia Ndagala

"Katikati iko rangi gani?"

Niliulizwa swali hilo nikiwa mtoto, uani kwa Bibi pale Uvira, nikashindwa kulijibu. Limenirudia majuzi tu, mbele ya kabati la vioo katika makumbusho ya mji ninaosomea, mbali sana na ziwa. Ndani ya kabati kulikuwa na kofia. Nilijikuta nasikia harufu ya ndagala, wale dagaa wa kwetu.

Wewe uliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika unaijua harufu hiyo, haikutoki hata ukioga mara ngapi. Asubuhi wavuvi walipandisha samaki, wanawake wakawaanika mchangani, na sisi watoto tukafukuza kuku kwa vijiti. Mchana ulikuwa mrefu mno. Milima ya Burundi, ng'ambo, ilielea ndani ya ukungu, na mimi niliamini kwamba siku moja itaondoka.

Ndagala wakishakauka, Bibi aliwauza kwa kofia. Ilikuwa ngumu lakini nyepesi, ya gome linalofanana na kizibo cha chupa, imevishwa kaki iliyopauka. Mbele ilikuwa na kifungo cha chuma chenye maduara matatu, moja ndani ya jingine: la nje jeusi, la ndani kabisa jekundu, na la katikati yao rangi ya mawese, maana Bibi alitoka kwenye chungu chake cha mawese na kuishika papo hapo kwa vidole vyenye mafuta. Wanunuzi walitoka hata Makobola. Bibi aliijaza, akaitikisa, akaongeza kiganja kimoja juu. "Kipimo hakina ndugu," alisema.

Nilimwuliza kila mara kofia ilitoka wapi. Jibu lake halikubadilika: "Baba yangu alirudi nayo kutoka Tabora, kwa mguu, mu vita ya Mudachi." Mdachi ndiye Mjerumani, na vita ni ile ya kwanza ya dunia. Nikiendelea kuuliza, alinitia ndagala mdomoni nitafune ninyamaze.

Uhuru kutoka kwa Mbelgiji ulikuja na ngoma. Maasi yalikuja bila ngoma, ndagala wakiwa bado juani. Vijana waliojifunga majani kichwani walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta watu wa Mbelgiji na vitu vya Mbelgiji. Jirani yetu, karani wa zamani, walimkuta na tai ya shingoni sandukuni. Wakaenda naye. Mkewe aliendelea kumpakulia bugali kila jioni.

Kisha wakaingia kwetu. Mkubwa wao aliiinua kofia, ndagala wakamwagika.

"Weye mama muzee, hii iko kofia ya Mubeleji."

"Hapana, mwanangu. Iko ya Mudachi."

"Unanidanganya! Ona: nyeusi, manjano, nyekundu. Si ndiyo bendera yao?" Akanigeukia, maana mtoto hadanganyi. "Weye, sema. Katikati iko rangi gani?"

Nilitazama. Macho yangu yaliona manjano, na manjano ingempeleka Bibi kule tai ilikompeleka karani. Rangi nyingine sikuwahi kuiona pale. Nikainama, nikaanza kuokota ndagala.

Aliyesema ni jirani mwingine, muuza mihogo, aliyesimama mlangoni, mikono kiunoni: "Mukibeba hiyo kofia, ndagala tutapimia mu kichwa yako?"

Kijana mmoja akacheka, akajizuia, akacheka tena. Kicheko hicho kilimpa Bibi nafasi. Alichota jivu la jikoni, akakata limau, akasugua kifungo kwa kidole gumba, polepole, kama anayemnawisha mtoto uso. Manjano ikahamia kwenye kidole chake. Chini yake palikuwa peupe.

"Mudachi alipigana na Mubeleji," alisema Bibi. "Baba yangu alikuwa mu vita ile."

Mkubwa aliichukua kofia, akaigeuza. "Basi baba yako alikuwa mwenzetu," akasema, akamvika Bibi kichwani kwa heshima, wakaondoka kuelekea Fizi. Tuliokota ndagala hadi jua likazama, Bibi akiwa na kofia yake kichwani.

Sasa Bibi hayupo. Uani pamejengwa, ndagala wanapimwa kwa bakuli la plastiki, na kofia, nasikia, ililiwa na mchwa. Mimi ni mtu wa kutilia shaka kila kitu, hata kumbukumbu hii. Je, ile nyeupe ilikuwa nyeupe kweli?

Mlinzi wa makumbusho alinihakikishia, akionyesha kifungo cha kofia ile ya kabatini: nyeusi, nyeupe, nyekundu, ndivyo kofia ya Mjerumani inavyotambulika. Akaongeza kwamba hizo zilivaliwa na Wazungu. Askari wao Waafrika walivaa tarbushi. Kwa hiyo haikuwa imetengenezwa kwa kichwa cha baba wa Bibi. Nikamwuliza, basi watu wa upande wetu wa ziwa walifikaje Tabora kwa mguu wakati wa vita ile?

Alinijibu huku akipangusa kioo. Walikwenda wakiwa wapagazi, nyuma ya jeshi lililomnyang'anya Mjerumani mji ule: jeshi la Mbelgiji.