Fundo Nililolifungua

Kazi yangu ni kutafuta maneno. Nakaa Rau, pembeni mwa mji wa Moshi, karibu na msitu, nahariri vitabu vya shule, na mwaka huu nilipewa niandike orodha ya maneno magumu ya kitabu cha uraia. Jambo moja lilinikwamisha: watu kuchukua utamaduni wa wengine mpaka wa kwao ukapotea. Mkuu wangu alitaka maana yake na visawe visivyopungua vinne. Nikaandika kumezwa, kufyonzwa, kuzama, kulowea, kuchangamana. Kulowea nililipenda, maana ni mtu aliyekwenda mahali kwa siku mbili akaishia kuzikwa huko huko. Kuchangamana nikalifuta. Wanaochangamana kila mmoja hubaki na chake, na hapa kuna mmoja anayeondoka mikono mitupu.

Kwetu huko juu mlimani jambo hilo hilo lilikuwa na jina la heshima. Mama aliliita kuendelea. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, na aliapa kwamba mtoto wake hatachekwa mjini kwa lafudhi ya migombani. Kichagga kikaishia mlangoni, pamoja na viatu vyenye matope.

Nilikuwa na miaka sita siku niliyotoka kucheza kwa bibi nikamwambia mama nataka mringa. Mringa ni maji, hakuna zaidi. Mama alijaza kikombe, akakishika, akasema, "Omba vizuri." Nami kichwa changu kigumu tangu tumboni. Nilikaa kibarazani na kiu yangu hadi ng'ombe wakakamuliwa, nikilia kwa hasira, ndipo nikasema maji. Akanipa, akanisifu. Sikurudia tena kosa lile, na shuleni nikawa wa kwanza katika Kiswahili miaka yote. Sikumsamehe, lakini sikuwahi kumwambia, kwa hiyo nilijidanganya kwamba yamepita.

Mwaka jana alipata kiharusi. Alipotoka hospitalini pale Mawenzi, mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vizito, na Kiswahili chake chote kilikuwa kimeondoka. Alisema Kichagga kitupu, kirefu, cha haraka, kama mtu aliyefungiwa kwa miaka. Daktari alisema hutokea, lugha ya kwanza hung'ang'ania. Niliona ni dhihaka. Mwalimu alibaki na lugha aliyoninyima, nami nikabaki na ile aliyonipa, tukatazamana.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alihamia kwa mama akawa anatutafsiria. Asipokuwepo, nilisikiliza neno moja tu nililolijua. Nikisikia mringa, naleta maji. Nisiposikia, naleta maji vilevile.

Jumapili moja shangazi alikuwa misa ya pili. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachuma mboga ya mnafu ya kupeleka mjini, nikamwona mama anajikokota na fimbo kuelekea mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, kwenye mstari wa masale. Nilimfokea kwamba ataanguka. Hakugeuka. Alichuma jani moja refu, akarudi, akaketi kwenye kigoda, akalifunga fundo kwa mkono wa kulia na meno. Ilimchukua muda. Kisha akaliweka kiganjani mwangu, akanishika vidole, akasema maneno mengi huku machozi yanamtoka.

Nilimletea maji. Hakuyanywa.

Masale kwangu yalikuwa mmea wa mpaka, basi. Nilidhani ameniona nahangaika na mboga bila kamba, na kwamba analia kwa sababu ya ugonjwa, maana siku hizo alilia ovyo. Nikalifungua lile fundo mbele yake, nikalinyoosha jani, nikafungia mnafu wangu. Nikamwambia asante mama, umenisaidia. Alitazama ule mzigo wa mboga, akanitazama mimi, kisha akageuzia uso wake migombani. Nilishuka Moshi jioni nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Alifariki Alhamisi.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilikaa jikoni na shangazi tukimenya ndizi. Aliniuliza taratibu, bila kuinua macho, kama mama aliwahi kunipa isale. Nikasema alinipa jani, ndiyo.

"Ukalipokea?"

Nikamuuliza kulipokea vipi. Hapo ndipo alipoweka kisu chini. Alinieleza kama anavyoelezwa mgeni kwamba isale lenye fundo ni ombi la msamaha, na kwamba hata waliomwagiana damu, likiletwa, hawalikatai. Mama alikuwa amemwambia wiki nzima kwamba ana deni na mtoto wake, na kwamba jambo hilo halihitaji mkalimani. Ndiyo maana alingoja shangazi aende kanisani.

"Ni yale maji, mwanangu," shangazi alisema. "Hakuwahi kuyasahau."

Nilimuuliza, na fundo likifunguliwa mbele ya aliyelifunga? Aliokota kisu akaendelea kumenya, na mimi nikatoka nje. Nilimlilia mama, nikamkasirikia pia. Miaka yote ile alikuwa na Kiswahili safi kinywani, angeweza kuniambia kwa neno moja. Lakini na mimi nilikuwa nacho, na sikumwambia kitu.

Niliporudi Rau nilikuta mkuu wangu amesifu visawe, ila ametaka mfano mmoja wa sentensi, wa mambo ya kawaida, ambao mwanafunzi ataelewa. Mpaka leo sijampa. Mfano ninao, nami ndiye niliyefungia mboga msamaha wa mama yangu.

Jumamosi nilipanda tena nyumbani. Kaburi lake liko kihambani, na shangazi ameshalipandia masale pembeni. Nilichuma jani moja, nikalifunga kwa mkono wa kulia na meno, kama nilivyomwona, na kweli inachukua muda. Nililiweka juu ya udongo pamoja na kikombe cha maji. Maneno yanayosemwa nalo siyajui, kwa hiyo niliomba kwa Kiswahili, vizuri, kama alivyonifundisha.