Mwamba Usio na Wavuvi

Mimi sina subira na mtu anayeniambia "hapo hapana kitu" wakati mama yangu amenilea kwa hicho kitu. Nakwambia mapema usije ukanishangaa nikianza kufoka.

Nafanya kazi London, kwenye ofisi ya utafiti wa bahari, ghorofani, ambako bahari yenyewe hatuioni. Asubuhi natoka kwangu Thamesmead kwa basi lililojaa wauguzi wanaosinzia, nakwenda kupanga data za pweza wa kisiwani kwetu. Mradi wetu unawasaidia wanakijiji kufunga mwamba mmoja kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha unafunguliwa. Ni jambo zuri, nimeliona likifanya kazi. Asije mtu akanisingizia kuwa napinga sayansi.

Siku moja mkuu wangu, Mwingereza mpole, mtu wa kukutilia chai kabla hujaomba, alitandaza ramani mezani. Mwamba wa kufungwa, uliopakwa rangi nyekundu, ulikuwa ule wa karibu, unaofikika kwa miguu maji yakitoka. Akasema huo ndio unaofaa kwa sababu hakuna anayeutegemea. Rekodi zote za pweza zilitoka mwamba wa mbali, wanakokwenda wanaume kwa mashua.

Loo! Damu ilinichemka. Rekodi hizo zinachukuliwa dikoni, pale samaki wanaposhushwa na kupimwa, na diko kwetu ni mahali pa wanaume. Mwanamke hapiti pale nguo zimemganda mwilini kwa maji ya chumvi. Akitoka mwamba huo wa karibu anapandia nyuma, kwenye mikoko, pweza wake ndooni, na wakaangaji wanakuja kununua nyumbani kwake. Mama yangu amefanya hivyo tangu ananibeba mgongoni. Karani wa mradi amekaa dikoni na mizani yake, anamngoja mtu ambaye hatapita hapo maisha.

Niliyasema yote, tena kwa sauti. Nikasema mama hana mashua wala mwamba mwingine, na huu ukifungwa atakula nini? Mkuu alinisikiliza vizuri sana, akasema hayo ni masimulizi muhimu, lakini si data. Masimulizi! Nikamuuliza kama mimi niliyesimama mbele yake nimekuzwa na masimulizi. Mwenzangu wa meza ya jirani akainama kuangalia viatu vyake.

Baada ya siku chache mkuu aliniita, akasema nimemfumbua macho. Ramani itabadilishwa, utafungwa mwamba wa mbali. Nilifurahi, wallahi, nikamshukuru hadi nikajionea haya. Ndipo akaniomba nirekodi tangazo la Kiswahili lipigwe kwa spika kijijini, maana watu wataliamini zaidi wakimsikia mtoto wa kwao. Nikajifungia kwenye chumba cha mikutano, nikalisoma kwa madaha yote: wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, tusiingie kwenye mwamba uliowekewa maboya mpaka utakapofunguliwa.

Mama alinipigia simu nikiwa sokoni Barking, hukuhuku London, nachagua ndizi mbichi.

"Mwanangu, nimekusikia," alisema. "Wamekuzungusha kijiji kizima juu ya gari. Kila ninayekutana naye ananipa hongera."

"Maboya wameyaweka wapi, mama?"

"Hapahapa petu, mwambani kwetu. Kwani hujui?"

Ndizi niliziacha palepale. Baadaye nilielezwa kuwa wafadhili walikuwa wamekwisha kuipitisha ramani ya kwanza, na mkuu alikuwa na nia ya kuniambia, ila hakupata nafasi. Nafasi! Meza yake na yangu zinatazamana.

"Mama, wamenidanganya," nikasema, na watu wakageuka kunitazama. "Waliniambia ni mwamba wa mbali. Usiwasikilize. Ingia, chukua pweza wako."

"Maji yametoka tangu asubuhi," akasema. "Wenzangu wengine wameingia hivyohivyo, hawajali."

"Basi na wewe nenda!"

Nilitamani anigombeze, anitukane hata.

"Angekuwa mtu mwingine aliyesema, ningekwenda," akasema. "Lakini kijiji kizima kimekusikia wewe. Nikionekana mle, watu watakucheka, watasema hata mama yake hamsikilizi. Mimi siwezi kukutia aibu, mwanangu. Nimekaa."